Mahali Mama Aliposimama

Nilimwonea wivu. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kunitafutia sababu nzuri zaidi. Tulikuwa watu watatu katika ofisi ndogo ya ghorofani, mtaa wa pili kutoka sokoni Morogoro mjini, tukitengeneza programu za kompyuta: bosi, mimi na yeye. Mimi ndiye niliyeajiriwa wa kwanza. Yeye alikuja miaka mitatu baadaye, mtoto wa wakulima wa mahindi na karanga kutoka Gairo, na begi moja na sweta la kijani, na ni mimi niliyemwonyesha pa kupanga, pa kula mchana, na jinsi bosi anavyopenda kuletewa habari mbaya baada ya chai na si kabla. Akaniita dada. Mpaka leo ananiita dada, na hilo nalo huwa linaniudhi.

Miezi ya mwanzo nilimpenda sana, kwa sababu hakujua kitu. Aliuliza, nami nikamjibu nimeegemea kiti. Baadaye akaanza kuuliza maswali ambayo ilinibidi nikayasome kwanza nyumbani. Baadaye akaacha kuuliza. Siku moja bosi aliingia na shida yake mkononi, akanipita mimi niliyekaa karibu na mlango, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya dirishani. "Mtaalamu, hebu niangalizie hapa," akamwambia. Mtaalamu nilikuwa mimi. Miaka mitatu mizima nilikuwa mimi, na hakuna aliyenijulisha kwamba nimevuliwa cheo.

Nilichobaki nacho ni programu ya mboga. Hiyo niliiandika peke yangu, mwaka mzima, kwa ajili ya vituo vya kukusanyia mboga huko Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru, nilikozaliwa. Kituo cha kwanza kuijaribu kilikuwa cha kijijini kwetu, na msimamizi wake ni mama yangu mzazi. Kina vikundi vitatu vya wakulima: wa karoti, wa kabichi na wa njegere. Kwenye kompyuta ya kituo kuna folda moja kubwa, na ndani yake kila kikundi kina folda yake. Kila folda ilitakiwa kuwa na faili dogo la mipangilio linaloeleza kikundi hiki kinaleta mboga gani, siku gani, kwa mnunuzi yupi. Sikutaka mama ahangaike kuliandika. Nilitaka kila anapoweka programu au toleo lake jipya aandike amri moja tu, kisha skripti niliyoiambatanisha, yaani orodha fupi ya amri, iamke yenyewe programu ikishatua, iandike faili hilo pale pale alipo mama, inyamaze.

Pale pale alipo mama. Ndipo nilipokwama.

Skripti ya namna hiyo haiamkii alipo mtu. Mama anaandika amri akiwa ndani ya folda ya karoti; kiwekaji, yaani programu inayoweka nyingine kwenye kompyuta, kinaibeba programu yangu, kinaishusha katika ghala lake la ndani, na skripti inaamkia humo ghalani. Ukiiuliza uko wapi, inakutajia ghala. Haidanganyi, ndiko iliko. Lakini mimi sikuwa na haja na iliko yenyewe, nilitaka kujua aliyeiagiza alikuwa amesimama wapi, na hilo haina habari nalo. Mezani kwangu nikaona ghala lipo ngazi mbili chini ya folda ninayofanyia kazi. Basi nikaiambia skripti ipande ngazi mbili, iandike hapo. Ikapanda, ikaandika. Nikaipeleka mlimani kichwa kimevimba.

Nilikwenda kuiweka mara mbili. Mara zote mbili mama alinipokea vizuri, akaleta kompyuta iliyofunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, akaniwekea mezani. Huku kwetu mtoto mwenye adabu hakai akamtazama mama yake akikosea. Niliipokea kwa mikono miwili, nikamwambia, "Kaa mama, pumzika, ngoja nikufanyie." Nikaingia kwenye folda kubwa ya kituo, nikaandika amri, ikakubali. Mama akanishukuru. Nikanywa chai na viazi vya kuchemsha, nikateremka zangu mjini.

Nikishateremka mambo yanaharibika. Mama akiweka toleo jipya mwenyewe, kikundi cha karoti kinajikuta kinasoma mipangilio ya njegere. Wiki moja mnunuzi aliletewa taarifa kwamba atapakia njegere, akapandisha gari na mifuko midogo midogo, akakuta magunia ya karoti yamejipanga barabarani. Mama alinipigia simu akicheka. Wenzake hawakucheka. Walikuwa wameshaanza kusema daftari lao la zamani halikuwahi kuwafanyia vitimbi kama hivyo.

Bosi aliposikia alituita wote wawili. "Jumapili baada ya misa vikundi vyote vitatu vinakaa," alisema. "Wakiamua kurudi kwenye daftari, hii kazi namkabidhi mwenzio aianze upya." Alinitazama mimi, mkono ukiwa umemwelekea yeye. "Na Alhamisi mnapanda wote."

Aianze upya. Mwaka wangu mzima ufutwe kama ubao wa darasani, na atakayeshika chaki ni yule niliyemwonyesha choo kilipo. Niliitika "sawa bosi" kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuitambua. Yeye aliinamisha kichwa, na nikaamua kwamba anaficha furaha.

Tulipanda Alhamisi, katikati ya masika, na pikipiki za kutumalizia safari zilikuwa zinaserereka kila kona. Mimi nilifika na tope mpaka magotini. Yeye sijui alikaaje, alifika safi.

Mama alikuwa uani anaosha karoti kwenye beseni. Nilipiga goti, nikamsalimu, akaniitikia akiendelea kuosha. Kisha mwenzangu akasogea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Gairo, mama."

Mama akaiacha karoti kwenye beseni. "Mkaguru?"

"Mkaguru hasa."

"Ehee! Mtani wangu huyu! Nani kamruhusu aingie kwangu mikono mitupu?"

Kwa asiyejua, mtani ana ruhusa ambayo mtoto wa kumzaa hana. Anaweza kukucheka umbo, shamba, hata kwenye msiba wako akaja akakucheka, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Sijui kama sisi na wao ni watani wa tangu enzi na enzi au mama aliamua tu siku ile. Mwenzangu anadai alisikia kwa bibi yake. Vyovyote vile, hawakungoja hata tukaribishwe ndani.

"Nyie Gairo kule mnakula nini zaidi ya upepo?" mama akaanza.

"Tunakula karanga mama, tena tumekaa. Nyie Waluguru mnalima kwa mkono mmoja, wa pili mmeshika mti msiporomoke."

Mama alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Nilikuwa sijamchekesha mama yangu hivyo tangu nimalize shule, na huyu alikuwa hajamaliza hata kuvua viatu.

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Mama akamchukua akamzungushe shambani, mimi nyuma yao kama mgeni. Ardhi kwetu inafuata upande wa mama, na lile tuta la karoti linaloanzia nyuma ya jiko mpaka kwenye migomba litakuwa langu siku mama atakapochoka. Kijiji kizima kinajua. Mama akasimama juu yake, akamwambia, "Ng'oa hapo unazotaka, ni kwenu." Ni kwenu! Niliinama nikajitia nafuta tope kwenye viatu. Akang'oa tano, akazipangusa kwenye majani, akanipa moja. Nikasema sina njaa.

Tuliporudi ndani, mama akaleta kompyuta, akaifunua. Nikanyoosha mikono yangu miwili kama kawaida. Mwenzangu akaniwahi kwa mdomo.

"Dada, usimdekeze huyu. Haya mama wa mlimani, andika mwenyewe tukuone. Au unajua kupanda vilima tu?"

Nilihisi uso unawaka. Ningekuwa mimi niliyesema vile, ningeitiwa mjomba anikanye. Lakini mama alikuwa tayari anatafuta miwani yake mfukoni. "Nikuonyeshe wewe mla upepo," akasema, akaivuta kompyuta kwake.

Kwa mara ya kwanza nikaiona mikono ya mama yangu juu ya kitu nilichomtengenezea. Alifungua folda kubwa, akaipita. Akaingia kwenye folda ya karoti, akafungulia dirisha la amri humo humo, akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akinakili kutoka kwenye kipande cha boksi alichokigongomea ukutani. Ilipokubali akatoka, akaingia kwenye ya njegere, akaandika tena amri ile ile.

"Kwa nini usiandikie hapa kwenye folda kubwa mara moja, mama?" mwenzangu akauliza.

"Nisimame sebuleni nipike jikoni?" mama akamjibu. "Nikishughulikia karoti nakuwa kwenye karoti."

Mwenzangu akasogeza kiti. Utani ukamwisha mdomoni, akawa anaitazama ile skrini kama mtu anayesoma barua. Na mimi nilielewa nusu. Ghala la programu lilikuwa chini ya folda kubwa, si chini ya folda za vikundi. Kwa hiyo ngazi zangu mbili zilikuwa zinaishia kwenye folda kubwa kila mara, mama akiwa kwenye karoti, akiwa kwenye kabichi, popote. Kila faili jipya linaandikwa juu ya lililotangulia, na la mwisho kuandikwa ndilo linalosomwa na vikundi vyote. Nilipokuja mimi nilisimama kwenye folda kubwa tangu mwanzo, ndiyo maana sikuwahi kuona kasoro. Nilikuwa nimemheshimu mama yangu mpaka nikashindwa kujua anafanyaje kazi.

Nusu ya pili, namna ya kumjua mtu amesimama wapi wakati skripti yenyewe imeamkia ghalani, sikuijua. Na sikutaka kuitafuta mbele yake. Nikaaga kwamba nakwenda kumsalimia mama mkubwa, dada yake mama, kilima cha pili. Kweli nilikwenda, ila nilikaa kuliko ilivyohitajika. Nilipokaribia nyumbani jioni nilisikia wale wawili bado wanacheka.

Tulilala hapo, na Ijumaa asubuhi tulikuwa kituo cha magari tunangoja gari la kuteremka. Hapo ndipo aliponiambia, taratibu, kama mtu anayekukumbusha umesahau mwavuli.

"Dada, nilikuwa nafikiria ile skripti. Kabla haijahamia ghalani, kile kiwekaji huwa kinaandika pembeni mahali mtu aliposimama alipotoa amri. Panahifadhiwa kwenye kigezo kinachoitwa INIT_CWD. Skripti ikisome hicho tu, iachane na kuhesabu ngazi."

Nilijua yuko sahihi kabla hajafunga mdomo. Kila kitu kilikaa mahali pake kichwani mwangu, na badala ya kufurahi nilitamani angekuwa amekosea. Nilitamani sana. Nikasema, "Hicho hakitegemeki."

"Kwa kiwekaji tunachotumia sisi huwa kipo, dada. Labda mtu atumie kingine."

"Nimesema hakitegemeki."

"Sawa dada," akasema, akaendelea kutafuna karoti ya mama yangu.

Ijumaa nzima iliyobaki niliitumia kuthibitisha kwamba sihitaji msaada wa mtu. Nilijenga mezani kwangu folda kama za kituo, nikaiambia skripti ipande ngazi tatu. Faili likatoka nje ya kituo kabisa, likaenda kukaa na picha za harusi ya binamu yangu. Nikaiambia itafute folda yenye jina la karoti. Ikaipata, na ikawa inaiona hiyo tu, hata ninaposimama kwenye kabichi. Mwenzangu alikuwa meza ya dirishani anafanya kazi zake, na kila kiti chake kilipolia nilifunga skrini yangu haraka, mtu mzima mimi.

Jumamosi nilikuja ofisini asubuhi, peke yangu. Nikafuta ngazi zote. Nikaandika mstari mmoja unaosoma kigezo kile. Nikasimama kwenye karoti, nikatoa amri: faili likatua kwenye karoti. Kabichi: kwenye kabichi. Njegere: kwenye njegere. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Nikalipandisha toleo jipya mtandaoni, nikamtumia mama ujumbe aliweke kabla ya kikao cha Jumapili. Kisha nikamwandikia bosi. Nilianza na "tumegundua tatizo." Nikalitazama lile neno muda mrefu, nikalifuta, nikaandika, "Nimegundua tatizo. Nimeshalimaliza."

Jumapili mchana uliingia ujumbe wa mama wa neno moja: wamekubali. Nilirukaruka chumbani kwangu kama mtoto.

Jumatatu bosi aliingia akipiga makofi tangu kwenye ngazi. "Mtaalamu!" akaita, na safari hii hakunipita. Alisimama mezani kwangu, akanishika bega, akataka nimweleze nilivyoligundua. Nikamweleza. Nilieleza vizuri, na sebule na jiko nikaviweka, kana kwamba vilitoka kichwani mwangu. Mwenzangu alikuwa amekaa pale pale, anasikia kila kitu. Nilipomaliza akasema, "Hongera dada." Nikauchunguza uso wake nikitafuta uchungu, hata kidogo, nijue tuko sawa. Sikuona. Nikakasirika.

Jioni ile nikiwa naanika nguo, mama akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nakushukuru mwanangu, umetuokoa."

"Lile toleo jipya limekaa vizuri?"

"Toleo gani? Mtandao wa kupakulia hatuna tangu Ijumaa, hata hii simu naipata nikisimama upande wa kanisa. Tulitumia yale uliyomwagiza mtani wangu."

Nilishikilia kamba ya nguo. "Nilimwagiza nini, mama?"

"Si siku ile ulipokwenda kwa mama yako mkubwa? Alinikalisha akanionyesha namna ya kuliandika lile faili kwa mkono wangu, folda moja moja, akanifanyisha mara tatu mpaka nikashika. Nikamwuliza, haya umeyajuaje wewe mla upepo? Akasema, si mimi mama, ni dada aliyegundua. Anaona haya kukufundisha wewe mama yake, ndiyo maana kanituma mimi mtani." Mama akacheka. "Nikawaambia wenzangu kwenye kikao, mwanangu akili anazo, lakini adabu yake imezidi akili."

Alhamisi. Kabla hajaniambia lolote kituoni. Kabla sijamkatalia. Nilichomwibia Jumamosi alikuwa amenipa tangu Alhamisi, mbele ya mama yangu, na hakudai chochote.

Ningependa kuandika kwamba niliona aibu. Niliona, lakini aibu ilikuja ya pili. Ya kwanza kufika ilikuwa wivu, mkali kuliko wa bosi na wa tuta la karoti, kwamba aliweza kufanya kitu kama kile bila jasho kumtoka, na mimi ningepewa nafasi hiyo hiyo nisingekifanya. Nilimwambia mama, "Nimefurahi, mama." Sikumwambia zaidi.

Jumanne niliwahi kazini nikiwa nimejipanga kusema. Bosi alikuwa koridoni na wageni wawili kutoka Dakawa, watu wa skimu ya mpunga waliokuja kuulizia programu kama ile. Akaniona, akanivuta. "Huyu sasa ndiye mwenyewe," akawaambia. "Kitu kilitushinda, yeye akapanda mlimani akakigundua." Wakanipa mikono, nikaipokea, mmoja baada ya mwingine, nikatabasamu. Mwenzangu akapita nyuma yangu na chupa ya chai, akatusalimia wote.

Nikaenda kukaa. Kila programu ina faili la historia ambamo tunaandika kilichobadilika katika kila toleo na aliyekibadilisha. Nililifungua, nikateremka mpaka kwenye toleo la Jumamosi. Nikafuta jina langu. Nikaandika kwamba njia ya kujua mtumiaji amesimama wapi iligunduliwa na fulani, nikaweka jina lake kamili, matatu yote, na la kwangu sikulirudisha. Nikahifadhi.

Lakini bosi hafungui faili hilo. Yeye hupenda kuelezwa kwa mdomo, na wageni wake hawajui hata kama lipo. Nililijua hilo nikiandika, na sijui kama ningeandika nisingelijua. Hulisoma watu wawili tu katika ofisi ile, na sote wawili tulikuwa tunajua tayari.